Mmoja Nani, Tatu Nini?

Mjomba wangu alinishinda kwa nazi moja tu.

Ilikuwa Mikindani, barazani kwake, msimu wa korosho. Nilikuwa kidato cha pili, nimetoka kupata kipaimara na nimeanza kujiona mwanateolojia. Mjomba ni Mwislamu, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi ambaye sasa amestaafu. Mama yangu, dada yake, alibatizwa alipoolewa huku bara, upande wa Ndanda. Familia za namna yetu si ajabu Mtwara: Idd tunakula kwake, Krismasi anakula kwetu, na hakuna anayetoa hotuba.

Siku hiyo aliniuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia bei ya ufuta: "Mpwa wangu, ile hesabu yenu ya Utatu, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, mnaipigaje? Moja na moja na moja, jibu moja?"

Nikatoa jibu la katekista. Nazi, Mjomba. Ina kifuu, ina nyama, ina maji, lakini nazi ni moja.

Akatega sikio. Ndani, mkaza mjomba alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi ya kuungia samaki. "Umesikia? Akimaliza hapo, kifuu anakitupa jaani. Na Mungu wenu naye ana upande wa kutupa?"

Nilimeza mate. Miaka mingi imepita na bado namshukuru, maana alinionyesha kitu ambacho wengi wetu kanisani hatujakiona: mara nyingi anayeuharibu Utatu ni sisi wenyewe, kwa mifano yetu.

Nazi inamfanya Mungu awe na vipande. Mfano wa maji, yale yanayokuwa barafu, kisha maji, kisha mvuke, una kosa jingine, tena kongwe: unamfanya awe mmoja anayebadili sura, leo Baba, kesho Mwana. Huko Roma katika karne ya 3 kulikuwa na mtu aliyeitwa Sabelio aliyefundisha hivyo, na Kanisa likamkataa. Ajabu ni kwamba mafundisho yake tunayasikia kila mwaka Dominika ya Utatu Mtakatifu, mhubiri anaposema, "Mimi nyumbani ni baba, shuleni ni mwalimu, kijijini ni mwenyekiti." Mafiga je? Jifya moja haliinjiki chungu, ni kweli, lakini mafiga matatu ni mawe matatu, kila moja na uzito wake. Hapo umeshafika kwenye miungu mitatu. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kile kinyago cha Wamakonde kiitwacho ujamaa, gogo moja la mpingo lililochongwa watu waliobebana na kushikana. Nao una shida, kwa sababu mwenye msumeno anaweza kumkata mmoja akamweka dirishani.

Padre akibanwa sana husema, "Ni fumbo." Sawa. Lakini kwa Kiswahili fumbo hufumbuliwa, angalau kidogo. Kisichofumbuliwa huitwa siri. Kuna namna ya kulitamka neno "fumbo" ambayo ni sawa na kufunga mlango na kuweka komeo, na mimi namna hiyo siipendi.

Nikamrudia Mjomba kwa njia ya kazi yake mwenyewe.

Kiswahili hakikubali uhesabu hewani. Ukisema "tatu" mwalimu wa ngeli anakuuliza tatu za nini. Watu watatu, miti mitatu, vitu vitatu: namba lazima ishike jina fulani. Sasa sikiliza Kanisa linavyosema: Mungu mmoja, nafsi tatu. "Mmoja" imeshika Mungu. "Tatu" imeshika nafsi. Hizo ni hesabu mbili za majina mawili. Ningesema "Mungu mmoja, miungu mitatu", Mjomba angekuwa na haki ya kunipa sifuri, maana huko ni kujipinga. Swali la haki, basi, si moja na moja na moja. Swali ni: mmoja nani, na tatu nini? Na hata tunapopiga ishara ya msalaba tunasema "kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu". Jina, si majina.

Lakini nafsi ni nini? Hapa ndipo lugha yetu ilipojaliwa. Mtoto wa shule ya msingi huko Newala au Nachingwea amelijua neno hili kabla ya kipaimara: nafsi ya kwanza, anayesema, nafsi ya pili, anayeambiwa, nafsi ya tatu, anayesemwa. Mimi, wewe, yeye. Tertuliano wa Karthago, mji ulio Tunisia ya leo, ambaye mwanzoni mwa karne ya 3 alilitumia neno la Kilatini lililotupa "Utatu", alijenga hoja yake moja juu ya sarufi hiyo hiyo. Wapinzani wake walisema Baba na Mwana ni yule yule. Akawajibu kwamba katika Maandiko yupo anayesema, yupo anayeambiwa na yupo anayesemwa.

Fungua Yohana 14:16: "Nami nitamwomba Baba, naye atawapa Msaidizi mwingine." Anayesema ni mmoja, anayeombwa ni mwingine, na anayetolewa ni mwingine tena. Barafu haijawahi kuuambia mvuke "wewe". Mwenyekiti wa kijiji hajiombi mwenyewe ruhusa katika nafsi yake ya ubaba, labda awe mgonjwa.

Na Roho? Hili la Roho ndilo lililonifurahisha kuliko yote, na sikulipata kwenye kitabu cha dini. Neno "roho" kwa kawaida linakaa kwenye ngeli ya i-zi: roho yangu inauma, roho zao zimetulia. Lakini tunasema Roho Mtakatifu, si roho takatifu; anakuja, anaongoza, anafariji. Yohana 16:13 inasema, "yeye atakapokuja, huyo Roho wa kweli, atawaongoza." Tumemtoa kwenye ngeli ya vitu tukamweka kwenye ngeli ya wenye uhai na utashi. Bibi yangu, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la pili, aliungama kila siku kwamba Roho ni nafsi, si nguvu tu kama upepo au umeme, na aliungama hayo kwa kiambishi m-. Kama unadhani nachezea maneno, tazama machapisho ya Mashahidi wa Yehova, ambao hawaukubali Utatu: wao huandika "roho takatifu". Wako makini, nawaheshimu kwa hilo. Ugomvi wote umo katika kiambishi kimoja.

Sisemi kwamba "nafsi" limemaliza kazi. Kwa matumizi ya kila siku nafsi ni ile dhamiri inayokusuta usiku, na ukiziwazia tatu za namna hiyo utaishia kuwaza vichwa vitatu vyenye mawazo matatu. Augustino, askofu wa Hippo, Algeria ya leo, alikiri kwamba tunasema nafsi tatu si kwa sababu neno linatosha, bali ili tusikae kimya. Nilipoyasoma hayo nilimpenda zaidi kuliko kwa kile kisa cha mtoto anayehamisha bahari kwa kikombe, kisa ambacho ni hekaya iliyozuka karne nyingi baada yake.

Mjomba ana swali jingine, na hili si lake peke yake. Nimelisikia kwenye mihadhara ya dini, ile ya spika uwanjani, ambayo mimi huipita kwa upande wa pili wa barabara. Ati Utatu aliubuni Konstantino, mfalme wa Roma, kwenye kikao cha maaskofu huko Nikea. Historia haisemi hivyo. Ubishi ulianza Aleksandria, Misri. Padre mmoja, Ario, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, bora kuliko vyote, lakini kiumbe. Mwaka 325 maaskofu wakakutana Nikea, ambayo leo ni Iznik nchini Uturuki, kwa wito wa Konstantino kweli, wakasema hapana. Katika misa tunayakiri maneno yaliyotokana na kikao hicho: "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba." Ila kama ilikuwa amri ya mfalme, mbona Konstantino huyo huyo alimpeleka uhamishoni Atanasi, mtetezi mkuu wa Nikea? Kwa jumla Atanasi alifukuzwa mara 5 na watawala. Konstantino mwenyewe alibatizwa mwaka 337, karibu na kufa, na askofu aliyekuwa rafiki wa upande wa Ario. Kuhusu Roho, kikao cha 325 hakikusema karibu lolote zaidi ya kumtaja. Maneno marefu tunayoyakiri yanahusishwa na kikao kingine, Mtaguso wa Konstantinopoli, mwaka 381. Mambo haya yalichukua zaidi ya miaka hamsini ya kugombana, na miongoni mwa wagombanaji wakuu walikuwamo watu wa Misri na pwani ya kaskazini ya Afrika. Anayesema ni dini ya Ulaya atazame ramani.

Na wenzangu Wakristo mnaokimbilia 1 Yohana 5:7, ule mstari wa Baba na Neno na Roho mbinguni, acheni. Nakala za kale za Kigiriki hazina maneno hayo. Erasmo, mwanazuoni wa Uholanzi aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki, hakuyaweka katika toleo lake la 1516, akayaingiza mwaka 1522 baada ya kulaumiwa. Ukiujenga Utatu juu ya mstari huo, mtu aliyesoma atakuondolea ngazi ukiwa juu ya mnazi.

Kinachobaki ni neno "Mwana", na hapo namwelewa Mjomba kabisa. "Hakuzaa wala hakuzaliwa," ndivyo anavyosali, na imani hiyo ya Mungu mmoja tu anaiita tauhidi. Anachokikataa, yaani Mungu mwenye mke na mtoto wa tumboni, mimi pia nakikataa, na Nikea haikukisema. Kuna majirani zangu walioishi na Wakristo maisha yao yote wakidhani watatu wetu ni Mungu, Maria na Yesu. Sishangai, sisi hatukuwahi kuwaeleza vizuri. Kuzaliwa kunakosemwa pale ni kwa "Mwanga kutoka kwa Mwanga": taa haipungui ikiangaza, na hakuna dakika ambayo taa iliwaka bila mwanga. (Naam, nimeingia kwenye mifano tena. Huu angalau wameutumia maaskofu wa Nikea wenyewe.)

Huku kwetu kuna ugumu wa ziada ambao wamisionari sijui kama waliuona. Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, ukoo wetu umefuata upande wa mama. Mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba. Mikorosho ya babu yangu haikurithiwa na wanawe, ilikwenda kwa mpwa. Siku moja padre alisoma kigangoni, "Yote aliyo nayo Baba ni yangu," na bibi akaninong'oneza, "Kwani huyo Baba hana wapwa?" Nilicheka hadi nikatolewa nje. Lakini baadaye niliona bibi ameigusa nukta. Kwa masikio yake neno hilo halikuwa la kawaida hata kidogo. Baba asiyebakiza kitu, anayempa Mwana vyote alivyo navyo, si baba aliyemjua Ndanda wala Masasi. Alilazimika kulisikia upya, na pengine alilisikia vizuri kuliko sisi tuliozoea.

Safari iliyopita nilimpelekea Mjomba hoja yangu ya ngeli, yote, kuanzia "mmoja nani" hadi kiambishi cha Roho. Alisikiliza mpaka mwisho, kahawa ikapoa. Kisha akachukua kijiti akaandika mchangani, kwa hati ile ile ya ubaoni: roho inauma. Chini yake: Roho anaongoza. Akazitazama.

"Sarufi nakupa kumi juu ya kumi," akasema.

Nikatabasamu.

"Tauhidi, urudie darasa."

Adhana ya Magharibi ikalia. Akachukua birika la maji, akaniambia nimwangalizie dagaa walioanikwa, maana kunguru wa Mikindani hawana adabu.