Mwacheni Sawako achelewe

Lawama ninayoisikia kila mara kuhusu manga (hadithi za picha za Kijapani) za mapenzi ya shuleni ni moja: mbona wanachelewa hivyo? Kijana anampenda binti, binti anampenda kijana, msomaji keshajua tangu sura za mwanzo, na bado kitabu juu ya kitabu kinapita ndipo waambiane. Mimi nasema waachwe wachelewe. Huko kuchelewa ndiko kwenye hadithi.

Chukua Kimi ni Todoke ya Karuho Shiina, ambayo kwangu haina mpinzani. Sawako Kuronuma ni binti mpole mwenye nywele ndefu nyeusi, na darasa zima linamwogopa kwa sababu anafanana na Sadako, yule mzuka wa filamu ya Ring. Wamembandika jina hilohilo, na wanaamini ukimkazia macho utapatwa na balaa. Kazehaya, mvulana anayependwa na kila mtu, anamwita kwa jina lake halisi na kuongea naye kama anavyoongea na wengine. Basi, ni hilo tu. Lakini mtu aliyezoea kukimbiwa atajuaje siku hiyohiyo kwamba kinachomwenda mbio moyoni ni mapenzi? Sawako anadhani ni heshima. Anadhani ni shukrani. Shiina hamharakishi, anamwacha kwanza apate marafiki, Yano na Yoshida. Ile sehemu ya chooni shuleni, anapowakabili wasichana wanaowasengenya wenzake hao, yeye ambaye hajawahi kujitetea hata mara moja, hunitoa machozi kuliko busu lolote.

Mwendo huo umetokana na namna manga hizi zinavyochapishwa. Kimi ni Todoke ilitoka katika Bessatsu Margaret, jarida la kila mwezi la shirika la Shueisha lililoanzishwa 1964. Ilianza 2005 kama hadithi fupi, ikageuka mfululizo, ikaisha 2017 ikiwa imejaza vitabu 30. Sura moja, kisha ungoje mwezi. Msichana aliyeanza kuifuata akiwa na miaka 13 aliimaliza akiwa na 25. Na kwa kuwa majarida ya Japani huuliza wasomaji wao ni hadithi ipi iliyowapendeza katika kila toleo, mchoraji hawezi kuwapa sura tupu. Hata kama hakuna kikubwa kilichotokea, lazima kiwepo cha kumshika msomaji mpaka mwezi ujao. Ndiyo maana vidole viwili kukaribiana vinaweza kula ukurasa mzima: mistari ya fremu inaondoka, mawazo ya binti yanaelea nje ya viputo vya maneno, na nyuma yake hakuna darasa wala dirisha, ni weupe na vitone vya mwanga tu. Atakayesema huko ni kujaza kurasa hajawahi kukaa karibu na mtu anayempenda bila kuthubutu kumwambia. Dakika ile hurefuka vilevile.

Ubora wake ulitambuliwa hata na washindani: mwaka 2008 ilipewa tuzo ya manga ya Kodansha, shirika linalogombania wasomaji na Shueisha.

Sitetei kila ucheleweshaji. Ule wa mtu kusikia nusu ya mazungumzo mlangoni na kukimbia akilia unanichosha, na Shiina mwenyewe anautumia kupita kiasi, hasa Sawako na Kazehaya wanapokwisha kuwa wapenzi na bado wanaogopa kuongea waziwazi. Hapo vitabu kadhaa vingepunguzwa bila hasara.

Ila kuna Kurumi. Huyu ni mrembo aliyempenda Kazehaya tangu kabla Sawako hajamjua, akaeneza uvumi ili awatenganishe, kisha akajitokeza kusema ukweli wake na akakataliwa. Waandishi wengi wangemalizana naye hapo. Shiina aliendelea naye, na baada ya mfululizo kuisha alirudi 2018 kumwandikia hadithi yake mwenyewe, kwa sababu lile nalo lilikuwa penzi la kwanza, ingawa halikujibiwa. Na kabla ya hapo, katika vitabu vya mwisho, Kurumi na Sawako wanajiandaa pamoja kwa mtihani wa kuingia chuo cha ualimu, wapinzani wa jana wakisoma meza moja. Urafiki huo ulichukua karibu mfululizo wote kukomaa, na hakuna sehemu ninayoirudia mara nyingi kama hiyo.