Sauti iliyofika kabla haijaondoka

Aisee hii ya maabara lazima niisimulie. Tulikuwa tunapima sauti ya leza ikila alumini. Ukiipiga kwa pigo la nanosekunde chache tu, ngozi ya juu inageuka plasma (gesi ya moto mkali yenye chaji za umeme) palepale, hewa inasukumwa, unasikia "tak!" kavu. Kazi ya maiki ni kuinasa hiyo tak, maana inakupa picha leza imekula kiasi gani. Hata kile kigari cha Perseverance kilichotua Mars 2021 kina maiki inayosikiliza leza yake ikigonga mawe, na kule hewa yenyewe ni ya kubahatisha, sasa sisi tushindwe?

Tukaweka maiki sentimita 10 kutoka kwenye alumini, tukafyatua, kwenye osiloskopu (ile mashine inayochora ishara ya umeme kadri muda unavyokwenda, kushoto kwenda kulia) ukapanda mlima mmoja mrefu mwembamba, Prof akapiga makofi kabisa. Kulia kwake kulikuwa na kakilima kadogo kamechoka, kwenye maikrosekunde 280 hivi.

"Hiyo takataka chuja," akasema. Haya, nikachuja.

Ila ule mlima ulikuwa umesimama kwenye sifuri, yaani leza inafyatuka na sauti ishafika! Sauti inaenda mita 343 kwa sekunde, hizo sentimita 10 zinataka karibu maikrosekunde 290. Nikamwambia Prof, akaniangalia kwa huruma. "Kijana, hayo ni mawimbi ya mshtuko, yanaikimbia sauti." Kweli yanaikimbia, lakini ni pale pale karibu na plasma, mbele kidogo yanaishiwa pumzi, na hata yawe na mbio gani hayafiki kabla ya kutoka bwana.

Nikasogeza maiki mpaka 20, mlima palepale. Nusu mita, palepale. Nikaivuta mpaka koridoni nikafunga mlango, mlima haujapungua hata chembe, na Prof ndo kwanza anazidi kunogewa, "Unaona nguvu hiyo? Inapita mlango!" Bado anasifia, fundi wetu akaingia, maiki iko mkononi.

"Samahani Prof, hii mnaitumia? Nilikuta imelala koridoni nikaichomoa."

Kimya. Kwenye skrini mlima unaendelea kupanda, tena kwa madaha.

Kumbe ni kelele ya umeme. Swichi ya ndani ya leza inafyatuka kwa volti elfu kadhaa, na kebo yetu ndefu isiyo na ngao ilikuwa inaidaka kama antena. Tukaweka kebo yenye ngao, tukaitenga na pawa saplai, mlima ukapotea. Nikatoa na ule mchujo. Kakilima kapo! Maiki ikiwa 10 kanakaa 280, ukiivuta 20 kanahamia 570 huko. Sauti yenyewe ndo hiyo.

Sasa hivi ile takataka ndo grafu ya kwanza kwenye ripoti, na maelezo chini yake kayaandika Prof mwenyewe: "Ishara safi, haikuhitaji kuchujwa."