Tangawizi tuipende, lakini tusiibebeshe mzigo wa hospitali

Tangawizi si zao la Dodoma. Mvua zetu ni za msimu mmoja na ni chache, nayo inapenda milima yenye unyevu kama ile ya Mamba Miamba, wilayani Same. Lakini ingia Soko la Majengo asubuhi yoyote utaikuta imepangwa mafungu mafungu, na anayekuuzia atakutajia magonjwa inayotibu kabla hujauliza bei.

Mama yangu mkubwa, anayeishi kijijini upande wa Chamwino, alianza kusahau. Kwanza majina ya wajukuu, baadaye njia ya kwenda kisimani. Ndugu tukasema ni uzee. Mmoja wetu akaleta tangawizi ya unga aliyouziwa mnadani, akiambiwa inarudisha kumbukumbu. Tukamnywesha asubuhi na jioni kwa miezi minane. Tulipompeleka hospitali hatimaye, vipimo vikaonyesha ana upungufu mkubwa wa vitamini B12, kitu kinachotibika kwa sindano. Amepata nafuu, ila si yote. Ile miezi minane inaniuma mpaka leo.

Sisemi tangawizi ni uongo. Ukali unaouma ulimi kwenye tangawizi mbichi ni wa kemikali iitwayo jinjeroli. Ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hupoteza maji na kugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Maabara wameona tangawizi iliyokamuliwa ikizuia bakteria, hata Staphylococcus aureus anayesababisha majipu. Kwenye panya na kwenye seli zilizooteshwa, shogaoli imetuliza seli za ulinzi za ubongo zinapochachamaa, na kuchachamaa huko kumo katika ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu, na wa Parkinson, ule wa kutetemeka. Ni habari njema kweli, na ningefurahi kuona vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma wakiifuatilia.

Tatizo ni kwamba sahani ya maabara haina ini. Ukiimeza, utumbo na ini huigeuza jinjeroli upesi sana, na inayobaki huru kwenye damu ni kidogo mno. Kikombe cha chai hakiwezi kufanya kilichofanywa na kamuo zito lililomwagiwa bakteria moja kwa moja. Kwa hiyo binti mwenye UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akiniambia anajitibu kwa tangawizi na limau, namsihi aende akapime mkojo leo, maana bakteria wale wakipanda hadi kwenye figo ni hatari.

Panapostahili sifa, tuseme. Kichefuchefu cha ujauzito tangawizi inakipunguza, na hilo limepimwa kwa wanawake wenyewe, si kwa panya. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize kwanza daktari wake kabla ya kunywa nyingi.

Ninachoomba ni kwa sisi wenye wazee nyumbani. Mzee akianza kupotea njia anayoijua au mkono ukianza kutetemeka akiwa ametulia, tusimwachie uzee wala mnada. Apimwe damu, presha, tezi ya shingo na hiyo B12, kwa sababu baadhi ya visababishi vya kusahau vina tiba, na tiba hiyo haisubiri.

Mama mkubwa bado anapenda chai yake ya tangawizi jioni, naitwanga mwenyewe kwenye kinu. Tarehe za sindano nimeziandika kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba chake.