Sungura Wenu Amekuwa Nguruwe

Baridi ya Julai imeingia Nairobi, na kila kundi la simu limejaa picha za mablanketi ya kroshia. Nazipenda sana. Kisha ikatua ile ya Sungura wa hadithi: mraba wa katikati wenye rangi kumi na tisa, na chini yake pongezi zisizo na mwisho. "Mikono yako ibarikiwe, mama!" Mikono haina shida. Vishono vimelingana na ncha za nyuzi zimefichwa vizuri. Ila masikio ni mafupi, mashavu yamevimba, na pua imetanda uso mzima. Yule ni nguruwe, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia mwenyewe.

Aliyefuma simlaumu. Namlaumu aliyemuuzia mchoro. Siku hizi biashara ni rahisi: unachukua picha ya katuni, unaitia kwenye programu, inakatwa visanduku 40 kwa 40, unaiuza. Programu haimjui Sungura. Haijui ni nani aliyemchezea Fisi shere miaka nenda miaka rudi. Inachoona ni rangi tu: kivuli cha kidevu inakipa rangi yake, mng'aro wa jicho rangi yake, ukingo wa sikio rangi yake. Rangi kumi na tisa ndani ya sentimita 25! Kila rangi ina ncha mbili, kwa uchache kabisa, kwa hiyo una ncha 38 za kuficha kabla hujafika popote.

Hayo yote ningeyameza. Nisichoweza kumeza ni hiki: programu inadhani kishono ni mraba.

Kishono kifupi, kile kidogo cha msingi cha kroshia, si mraba. Ni kipana kuliko kimo chake. Chukua uzi wa akriliki wa unene wa kati na sindano ya kroshia ya milimita 4, fuma sampuli ya vishono 20 na safu 22, kisha pima sentimita 10 za katikati, usiguse kingo. Mikono mingi itakupa kitu kama vishono 16 kwa safu 18. Sasa piga hesabu. Vishono 40 ni sentimita 25 za upana. Safu 40 ni sentimita 22 na kidogo za kimo. Mraba wako si mraba, na kila kilichomo kimekaliwa kutoka juu. Mnyama wa kwanza kuumia ni yule ambaye utambulisho wake wote uko kwenye urefu wa masikio. Kobe angepona. Ndiyo maana kobe za kununua huonekana nzuri, na watu wakaamini mchoraji anajua kazi.

Ili upate sentimita 25 kwenda juu unahitaji safu 45. Na usiongeze safu tano tupu pale juu ukajipongeza, maana umbo litabaki limebonyea vilevile, tofauti ni kwamba sasa lina uwanja. Mchoro wenyewe ndio uchorwe upya kwenye visanduku vyenye umbo la kishono chako. Karatasi ya A4 yatosha. Chora mraba wa sentimita 18, piga mistari ya kusimama kila milimita 4.5 na ya kulala kila milimita 4. Umepata visanduku 40 kwa 45, na kila kimoja kina uwiano wa kishono cha sampuli hiyo. Mkono wako ukitoa hesabu nyingine, badilisha. Karatasi ya grafu ya mtoto wa shule iache kwenye mkoba wake, visanduku vyake ni miraba kamili na itakurudisha kulekule kwa nguruwe.

Ndani ya hivyo visanduku, anza na kivuli cha mnyama peke yake, kipande kimoja cheusi kisicho na jicho wala pua. Mtu akikitazama toka upande wa pili wa chumba asitaje jina, futa, usianze kupamba. Wale waliotujazia nyumba vitambaa vya makochi walilijua hili bila kufundishwa: uzi mmoja mweupe, tundu na kishono, basi, na ua likasomeka kama ua. Kwa Sungura ningegawa hivi: safu 1 hadi 4 ziwe tupu, kichwa kuanzia safu ya 5 hadi ya 23, masikio safu ya 24 hadi ya 41, nne za juu zibaki tupu. Kichwa kisizidi vishono 20 pale kilipo kipana zaidi. Kila sikio vishono 5, na nafasi ya vishono 4 katikati yake. Sikio moja likunje: lipande safu 10 kisha lilale kwa nje. Hapo ndipo ujanja wake wote unapokaa. Jicho ni vishono 2 kwa safu 2, moja tu, lile lingine amekonyeza.

Mbona sikio lisiwe la vishono viwili, lipendeze zaidi? Kwa sababu kishono hakikai juu ya mwenzake sawasawa, na unapogeuza kazi kila safu inaonyesha upande tofauti. Mstari wa kusimama wenye kishono kimoja au viwili hutoka umemeguka-meguka. Mistari myembamba, kama masharubu na kope, iongeze mwisho kwa sindano ya kushonea au kwa vishono vya kuteleza juu ya kazi iliyokwisha.

Kwenye kubadilisha rangi ndipo wengi huharibu. Rangi mpya huingia kabla kishono cha zamani hakijaisha: ukibaki na vitanzi viwili kwenye sindano, achia uzi wa zamani upande wa nyuma, vuta ule mpya upite vyote viwili. Ukingoja kishono kiishe, kichwa cha kishono kinachofuata kitakuwa cha rangi ya jana na ukingo wote utaonekana una madoa. Pisha uzi mmoja juu ya mwenzake kila unapobadilisha, la sivyo utaacha tundu la kupitisha kidole. Safu za witiri husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, za shufwa kutoka kushoto kwenda kulia, ikiwa unafumia mkono wa kulia. Ukisahau hilo, sikio lililokunjwa litachomoza kulia safu hii na kushoto safu ijayo, na utakuwa umefuma kitana.

Kwa Sungura huyu, ukiacha kipande kifupi cha uzi wa jicho, mabonge matatu madogo yanatosha: mandhari ya kulia, mandhari ya kushoto, na mwili. Yazungushie kwenye vibanio vya nguo yasisokotane. Usiburute uzi wa mandhari ndani ya vishono 20 vya kichwa, maana kitambaa kitakuwa kizito na rangi iliyokoza itachungulia kwenye iliyofifia. Ukifika masikioni buruta bila hofu: uzi wa kulia upite ndani ya sikio la kwanza ukafume zile nafasi 4 za katikati, na uzi wa mwili upite ndani ya hizo 4 kwenda sikio la pili. Ukiukaza sana mraba utajikunja katikati, na hakuna pasi itakayounyoosha.

Rangi ziwe tatu, ukizidi sana nne. Dukani, Biashara Street au popote unaponunulia, usiamini taa ya ndani. Peleka mabonge mlangoni, yapige picha kwa simu, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Yakitoka kijivu kilekile, kahawia yako na kijani yako zitamezana hata kama machoni zinagombana. Uzi wa mandhari ununue wote siku moja. Nyekundu na nyeusi zilowe kwanza juu ya kitambaa cheupe uone kama zinachuja.

Nikubali kwa shingo upande: programu inafaa kuhesabu safu baada ya wewe kuchora. Mtindo wa kona kwa kona, unaofumwa kwa mshazari, nao una kasi, sibishi, lakini kila kisanduku chake kina vishono virefu vitatu na hukaribia sentimita mbili, kwa hiyo sentimita 25 zinakupa visanduku 12 tu. Jicho la sentimita mbili usoni! Mtindo huo uachie blanketi zima lenye picha moja kubwa. Na maelezo ya kutoka nje uangalie kwanza kama yameandikwa Marekani au Uingereza, maana jina moja huko lataja vishono viwili tofauti.

Ukingo ni mzunguko mmoja wa vishono vifupi, vitatu kwenye kila kona, na pande zote nne zilingane vishono 40. Juu na chini ni kishono kwa kishono. Pembeni una safu 45, kwa hiyo ruka safu moja katika kila tisa. Bila hivyo pande zitajikunja kama ukindu na mraba hautashonana na wenzake. Akriliki usiikandamize kwa pasi. Ibane kwa pini kwenye kipimo chake, shikilia pasi ya mvuke sentimita mbili tatu juu yake, iache ipoe hapohapo. Pasi ikigusa, uzi unalegea na kung'aa, na haurudi tena.

Anayeuza mchoro bila kutaja unene wa uzi, sindano, na vishono na safu za sentimita 10, mwulize kabla hujatuma pesa.

Wahusika wengine? Fisi ni rahisi kuliko mnavyodhani: mabega juu, kiuno chini, masikio ya duara. Ule mteremko wa mgongo ukitoka sawa, madoa ni hiari. Abunuwasi ndiye anayewatoa watu jasho, wanahangaika na kilemba na ndevu, na akiisha kufumwa anaweza kuwa babu wa mtu yeyote. Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona sura yake, iacheni. Fuma sufuria mbili, kubwa na ndogo, rangi moja juu ya mandhari moja, masikio ya sufuria yasipungue vishono vitatu. Kila mtu atajua imezaa. Na ukitaka mraba wa pili wa kuandamana na huo, fuma ile kubwa peke yake, kichwa chini: imekufa.