Jicho la Jodari

Naishi Mbagala Rangi Tatu, na kabla hujacheka, hilo jina halihusiani na uchoraji wangu. Mimi natumia rangi zaidi ya tatu, ndiyo maana mwisho wa mwezi sina nauli.

Tangazo la shindano la uchoraji wa kisasa lilinifikia kwenye simu: milango wazi kwa kila mtu, mchoro usizidi mita moja kila upande, kazi zitakazopita zitatundikwa kwenye maonyesho Mikocheni. Kipengele cha zawadi nilikisoma mara nne. Masharti niliyasoma mpaka la tatu, usingizi ukanichukua.

Kwa kawaida nachora kwa rangi ya geti juu ya hadibodi, kama marehemu Edward Tingatinga alivyoanza kule Oysterbay mwaka 1968 na rangi zake za baiskeli. Unachora jioni, asubuhi imekauka. Safari hii neno “kisasa” likanipanda kichwani. Nikanunua turubai na tyubu za rangi ya mafuta, bei siitaji maana mke wangu anasoma hapa. Nikamchora jodari wa soko la Feri, mgongo wa buluu nimeupaka mnene kama siagi kwenye mkate wa tajiri. Tyubu nyeusi ikaniishia kabla ya jicho. Nikalimalizia kwa rangi ya geti iliyobaki kwenye kopo.

Kumbe rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba! Yale mafuta ya kitani hayarukii hewani. Yanavuta oksijeni na kuganda polepole, wiki kadhaa, na ukipaka mnene hata miezi. Mimi niliiweka chini ya pangaboi siku mbili.

Ijumaa, siku ya mwisho, nikapanda daladala nimekumbatia turubai, uso wa mchoro nje ili shati langu lisichafuke. Ndio ujanja wangu huo. Konda akanitoza nauli ya mzigo, kisha akaanza: “Sogeeni nyuma, huko kuna uwanja wa mpira!” Tulipofika Kwa Aziz Ali, dereva akakanyaga breki, wote tukaenda mbele kwa mkupuo.

Mbele yangu alisimama mzee mmoja. Kanzu nyeupe, mikunjo ya pasi ingeweza kukata mkate.

“Mama,” mtoto mmoja akasema, “babu ana samaki mgongoni.”

Daladala zima likanyamaza. Mzee akageuka taratibu.

“Nina nini?”

“Shikamoo, mzee wangu.”

“Marahaba. Nina nini mgongoni?”

“Jodari.”

“Jodari?”

“Wa Feri, mzee wangu.”

Konda akadakia kwamba kama mzigo umehamia kwa mzee, basi na nauli yake ailipe mzee. Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka.

“Kijana, mimi ni mshenga. Naenda Sinza kupeleka posa.”

Tukakubaliana elfu ishirini ya kanzu. Akachukua namba yangu, kituo chake kilipofika akashuka kinyumenyume ili watu wa kituoni wasimwone mgongo.

Mikocheni nilimkuta dada wa mapokezi, mpole kweli. Akainamia turubai. “Hili jicho zuri,” akasema. Kisha akagusa mgongo, kidole kikarudi buluu. Akanigeuzia karatasi ya masharti, akaniwekea kidole hichohicho kwenye sharti la saba: mchoro uwe umekauka kabisa. Akaomba tishu. Mimi na jodari wangu tukarudi Mbagala.

Usiku simu ikaita. Mzee.

“Posa imepokelewa. Baba wa binti kauza samaki Feri miaka na miaka. Kuona mgongo wangu, akajua nimevaa makusudi kumpa heshima. Tumekula pilau mpaka basi. Ila ameniuliza swali limenishinda.”

“Swali gani, mzee wangu?”

“Jodari gani huyu hana jicho?”

Nikageukia turubai pale ukutani. Jicho lilikuwa palepale, kavu, linanikodolea.

“Ninalo mimi, mzee wangu. Nikuletee?”

“Lilete. Pamoja na ile elfu ishirini.”