Steringi wa Kukodi: Waigizaji wa Australia na Ugomvi wa Nafasi Zao

Mara ya kwanza kuitazama Mad Max, filamu ya Australia ya mwaka 1979, ilikuwa kwenye kanda ya VHS iliyochoka, na askari wote wa barabarani walikuwa wakiongea Kimarekani. Sikushtuka. Nilijua ni filamu ya Marekani, basi. Miaka mingi baadaye nikaipata yenye sauti zake za asili, na dakika chache tu zilinitosha kutambua kwamba ile sauti niliyokaa nayo kichwani tangu utotoni haikuwa ya Mel Gibson hata kidogo. Kampuni ya American International Pictures, iliyoisambaza Marekani mwaka 1980, iliogopa kwamba watu wake hawataielewa lafudhi ya Australia, ikazifuta sauti za waigizaji na kubandika za Wamarekani. Gibson mwenyewe alizaliwa jimbo la New York na kuhamia Australia akiwa na miaka 12. Hata hivyo sauti yake ilifutwa pamoja na za wenzake, na kumbi za Marekani hazikuipata filamu hiyo kama ilivyorekodiwa mpaka mwaka 2000.

Sisi tuliokulia vibanda vya video tunaijua kazi ya kuongea juu ya filamu. Lakini DJ wa kibandani anapotufasiria, mwigizaji bado unamsikia chini yake, anapumua, anapiga kelele, anacheka. Kwenye Mad Max ile ya Marekani mwigizaji alibaki sura tu.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndani yake mna ugomvi mzima uliotikisa sinema ya Australia kwa takriban miaka 15, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Filamu inayolipiwa na kodi ya Waaustralia, steringi wake awe nani? Chama cha waigizaji, Actors' Equity, kilishikilia kwamba nafasi kubwa ni za watu wa nyumbani, na kwa kuwa serikali ilikuwa ikikisikiliza kabla ya kutoa kibali cha kazi kwa mgeni, neno lake lilikuwa na uzito. Watayarishaji wengi walijibu kwamba bila jina linalojulikana Los Angeles au London, filamu itaonyeshwa Sydney na Melbourne, kisha iwekwe kabatini.

Chama hakikuwa kinapigana na kivuli. Australia ilikuwa imetengeneza filamu ya zaidi ya saa moja juu ya jambazi Ned Kelly tangu mwaka 1906, wakati sehemu kubwa ya dunia bado inaonyesha vipande vya dakika kumi. Lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia sinema ya wenyeji ilikaribia kukauka kabisa. Nyingi zilizotengenezwa zilikuwa za wageni waliokuja na kamera zao na mastaa wao, wakaitumia Australia kama pazia la nyuma. Mwaka 1959 Hollywood ilikwenda Melbourne kutengeneza On the Beach. Humo ofisa kijana wa jeshi la majini la Australia aliigizwa na Anthony Perkins, Mmarekani. Mwaka uliofuata ikaja The Sundowners, hadithi ya familia inayohamahama na kukata manyoya ya kondoo, kazi ya Kiaustralia isiyo na mfano. Wazazi walikuwa Robert Mitchum, Mmarekani, na Deborah Kerr, Mskoti. Na Chips Rafferty, mwanamume mrefu aliyezaliwa Broken Hill, staa mkubwa kuliko wote waliobaki nchini wakati ule, alipewa kipande kidogo pembeni.

Huyo Rafferty anastahili tumtazame kwa karibu. Alipata umaarufu mwaka 1940 kwa filamu ya wapanda farasi wa Vita vya Kwanza, kisha mwaka 1946 akawa steringi wa The Overlanders, juu ya wachungaji wanaoswaga ng'ombe kuvuka kaskazini mwa bara lile kwa hofu ya Wajapani. Soko lilipokauka hakukimbia. Aliungana na mwongozaji Lee Robinson, wakaanzisha kampuni, wakapiga picha kwenye bahari ya matumbawe na milima ya Papua New Guinea. Mwenzake Peter Finch alichagua njia nyingine: aliondoka mwishoni mwa miaka ya 1940 kwenda Uingereza, na sinema ikamzungusha dunia hadi Stanleyville, Kisangani ya leo, alikocheza nafasi ya daktari katika The Nun's Story. Finch alishinda Oscar baada ya kufa kwake, mwaka 1977. Rafferty alikufa Mei 1971, na filamu yake ya mwisho ilikuwa Wake in Fright. Humo yeye ni askari polisi wa mji wa migodini. Anasimama kaunta na mwalimu mgeni, anamnunulia bia, inaisha, anamnunulia nyingine, na macho yake hayamwachii. Steringi wa filamu ile ni Mwingereza, na mwongozaji ni Mkanada. Lakini Rafferty ndiye anayekufanya uamini kwamba mji ule upo.

Hapa kuna uzi unaofika kwetu. Mwongozaji wa The Overlanders alikuwa Harry Watt, Mskoti wa studio za Ealing za Uingereza. Miaka mitano baadaye Watt huyohuyo alipiga Kenya filamu ya hifadhi ya wanyama, na mwaka 1954 akatoa nyingine ya biashara ya magendo ya pembe za ndovu katika pwani yetu. Studio ni ileile, mwongozaji ni yuleyule. Kule Australia alimpa mwenyeji nafasi ya steringi. Huku steringi akawa Anthony Steel, Mwingereza, mara zote mbili. Ukoloni na ubaguzi wa rangi vilikuwa na sehemu kubwa katika hilo, wala sivitolei udhuru. Lakini ipo sababu nyingine ya kazi yenyewe: Watt alipofika Australia alimkuta Rafferty tayari, mtu aliyekwisha kubeba nafasi kubwa katika filamu za nyumbani. Kubeba filamu nzima hakusomwi darasani. Mtu hujifunza akiwa ameibeba, na asiyepewa hatakuwa tayari hata mgeni mwenye nia njema akija.

Hii, kwa maoni yangu, ndiyo hoja nzito kuliko zote za chama, ingawa viongozi wake mara nyingi walizungumzia mishahara na ajira. Mwaka 1970 serikali ya John Gorton iliunda shirika la kugharimia filamu, jimbo la Australia Kusini likaunda lake mwaka 1972, na chuo cha taifa cha filamu kikafuata. Pesa ziliingia, na nafasi zikawaendea watu ambao nje hakuna aliyewajua. Judy Davis alikuwa na miaka ishirini na kitu alipobeba My Brilliant Career. Mel Gibson alikuwa ndiyo kwanza ametoka chuo cha uigizaji cha Sydney alipochukuliwa kwa Mad Max, filamu iliyogharimu chini ya dola nusu milioni. Ingekuwa lazima kila mradi uwe na staa wa kuagiza, nafasi hizo zingejazwa kwa barua kutoka kwa wakala wa Hollywood.

Sasa tuwasikilize watayarishaji, maana nao hawakuwa wasaliti. Nchi ilikuwa na watu takriban milioni 15. Filamu inayogharimu dola milioni kadhaa haiwezi kurudisha fedha zake hapo hata watu wakijipanga foleni mpaka barabarani. Kisha mwaka 1981 kikaja kifungu cha 10BA cha sheria ya kodi: aliyewekeza dola 100 kwenye filamu aliruhusiwa kupunguza 150 kutoka kipato chake cha kutozwa kodi, na nusu ya faida haikuguswa. Kwa tajiri aliyekuwa akikatwa asilimia 60, hiyo ilimaanisha kwamba katika kila dola 100 alikuwa anahatarisha 10 tu. Fedha zikafurika, bajeti zikapanda, na wenye fedha wakataka kuona jina kwenye karatasi.

Roadgames ndiyo iliyowasha moto, hata kabla kifungu hicho hakijaanza. Ni filamu ya dereva wa lori na muuaji kwenye tambarare ya Nullarbor. Mhusika mkuu alikuwa Stacy Keach, Mmarekani. Msambazaji wa Marekani akataka na msichana anayeomba lifti awe Mmarekani, na nafasi iliyokuwa imepangiwa mwigizaji wa Australia ikaenda kwa Jamie Lee Curtis. Chama kikaja juu, na kilikuwa na haki. Staa mmoja wa kuvuta soko unaweza kumtetea. Wawili kwenye filamu yenye watu wachache vile, mwenyeji anabakia nini?

Lakini mwaka 1980 ilitoka Breaker Morant, juu ya wanajeshi watatu walioshtakiwa kwa mauaji katika vita vya Makaburu, na nafasi ya Morant ilichezwa na Mwingereza Edward Woodward. Mwenyewe Morant alizaliwa Uingereza, kwa hiyo uchaguzi ulikaa mahali pake. Pembeni ya Woodward walikuwepo Bryan Brown na Jack Thompson, na tuzo ya mwigizaji msaidizi ya Cannes, tamasha kubwa la filamu la Ufaransa, aliipata Thompson, mtu wa Sydney. Mgeni yule hakumfunika mwenyeji, alimwinua. Miaka miwili baadaye The Man from Snowy River ilimleta Kirk Douglas kucheza ndugu wawili peke yake, na Waaustralia waliijaza filamu hiyo kumbi kwa kumbi. Kijana wa hadithi aliachiwa Tom Burlinson, mwigizaji wa Australia. Mimi Douglas ananichosha mle, anaigiza kama mtu aliyelipwa kwa kila kelele, ila siwezi kukana kwamba jina lake lilifungua milango.

Kwa hiyo mimi nagawa hivi. Watayarishaji walikuwa sahihi kuhusu filamu moja moja. Chama kilikuwa sahihi kuhusu miaka kumi. Mwenye kuuza filamu ya mwaka huu anahitaji jina lililopo leo. Nchi inayotaka waigizaji inahitaji majina ambayo bado hayapo. Mwaka 1986 Paul Hogan, mwenyeji aliyekuwa amejulikana Marekani kwa matangazo ya utalii tu, aliiteka dunia na Crocodile Dundee, na huko Marekani filamu hiyo ikashika nafasi ya pili kwa mauzo mwaka ule, nyuma ya Top Gun. Lafudhi yake hakuna aliyeifuta.

Ila kuna jambo linalonikera zaidi katika ugomvi huu, na pande zote mbili zilipita kando yake. Waliposema "mwenyeji", walikuwa wanamwona nani?

Mwaka 1955 Charles Chauvel alitoa Jedda, filamu ndefu ya kwanza ya rangi ya Australia, na wahusika wakuu wawili walikuwa wenyeji asilia, watu walioishi bara lile kabla Mzungu hajafika. Robert Tudawali alikuwa Mtiwi wa visiwa vya kaskazini. Msichana alichukuliwa kutoka hosteli ya kanisa Alice Springs, akabandikwa jina la kisanii, Ngarla, ambalo halikuwa lake. Jina lake lilikuwa Rosalie Kunoth. Alieleza mwenyewe baadaye jinsi alivyoogopa, maana mila yake ilimkataza kuguswa na mwanamume kama hadithi ilivyotaka. Filamu ikafika Cannes. Rosalie hakuendelea na sinema; akawa mtawa wa Kianglikana, kisha mtetezi wa haki za watu wake. Tudawali akapata nafasi chache, zikiwemo za mfululizo wa televisheni wa Waingereza ambao steringi wake alikuwa, tena, Mmarekani. Akaingia kwenye harakati za haki na kufa Darwin mwaka 1967 kwa majeraha ya moto.

Mwaka huohuo wa kifo chake ilitoka filamu iitwayo Journey Out of Darkness. Mfuatiliaji nyayo wa kienyeji aliigizwa na Ed Devereaux, Mzungu wa Australia aliyepakwa rangi nyeusi, na mfungwa akawa Kamahl, mwimbaji Mtamil aliyetoka Malaysia. Kwa kipimo cha pasipoti, Devereaux alikuwa mwenyeji halali. Wakati huo Tudawali alikuwa ameshajulikana Cannes kwa miaka 12.

Na aliyefungua mlango uliofuata alikuwa mgeni. Nicolas Roeg, Mwingereza, alimkuta David Gulpilil, mwenyeji asilia, katika Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, akiwa kijana mcheza ngoma na kumpa Walkabout, iliyotoka mwaka 1971. Kijana yule hakuzungumza Kiingereza kwenye filamu nzima, wala hakuwekewa tafsiri. Kamera iliuamini mwili wake. Jambo hili linanilazimisha kurekebisha hata hoja yangu ya awali, kwa sababu wageni hawakuwa sawa. Mwongozaji mgeni anaweza kumsimamisha mwenyeji mbele, kama Watt alivyomsimamisha Rafferty na Roeg alivyomsimamisha Gulpilil. Steringi wa kukodi hakai nyuma ya kamera, anakalia kiti chenyewe. Chama kilipowahesabu wageni kwa pasipoti kiliwatia kapu moja, na kwa kipimo hichohicho kikashindwa kuona kwamba Devereaux aliyepakwa rangi alikuwa amekalia kiti cha mtu.

Gulpilil aliendelea kwa zaidi ya miaka arobaini, mara nyingi akiwa mfuatiliaji nyayo, mzee wa ishara, rafiki wa Mzungu. Mwaka 2006 ilitoka Ten Canoes, filamu ndefu ya kwanza iliyoigizwa yote kwa lugha za wenyeji asilia wa Australia. Yeye haonekani. Kamera inaelea juu ya mbuga zenye maji za Arnhem Land, na sauti yake inaanza kusimulia kwa ile fomula ya hadithi za Wazungu, hapo zamani za kale katika nchi ya mbali. Halafu anaikatiza kwa kicheko kirefu. Anasema si hadithi ya namna hiyo, ni hadithi yake.