Mjomba na Timazi ya Bwawa

Mjomba wangu ni mwashi, na mwashi wa kweli haingii jengo la watu bila kuligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Aligonga hata ukuta wa mahakama, tena siku ya kesi yake mwenyewe, akatikisa kichwa mbele ya hakimu. Kwa hiyo tuliporuhusiwa kutembelea bwawa la kufua umeme, sisi kundi la wageni na mhandisi mmoja binti wa kutuongoza, nilijua ubishi utakuwepo. Kwamba bwawa lenyewe lingesogea, hilo sikulitegemea.

Ubishi ulianzia juu kabisa. Huku ziwa limejaa hadi kwenye milango ya kutolea maji, kule bonde, na ukuta wa zege katikati. Mjomba akachungulia upande wa bonde, akaona ukuta unavyoteremka kwa mshazari hadi chini, ukizidi kuwa mnene kila unaposhuka.

"Binti yangu," akamwambia mhandisi, "yaani kazi yote hii hakuna aliyeiba hata mfuko mmoja wa saruji?"

Mhandisi akacheka, akaeleza. Bwawa la aina hii halishikiliwi na vilima vya pembeni, linasimama kwa uzito wake. Maji yanasukuma, lenyewe limekaa. Mita moja ya ujazo ya zege ina tani kama 2.4, ya maji tani 1, na msukumo unazidi kadiri unavyoshuka: mita 50 chini ya uso wa ziwa, kila mita ya mraba ya ukuta inasukumwa na tani 50. Ndiyo maana unene wote uko chini.

"Na ziwa likiwa refu zaidi?"

"Urefu hauhusiki, Mzee. Ni kina tu. Ziwa la kilomita moja na la kilomita mia, kina kikiwa kimoja, yanausukuma ukuta sawasawa."

Mjomba akanitazama kama kwamba nimemleta kwa waongo. Hata mimi, kusema kweli, hesabu hiyo iligoma kunishuka, ila nilikuwa na adabu ya kunyamaza.

Tukapanda lifti kwenda tumboni mwa bwawa. Ndani ya zege kuna ujia mrefu, taa zimepangwa, baridi inapenya hadi kwenye mifupa, na pembeni mfereji mdogo unatiririka. Maji yanatoka kwenye mabomba yaliyochomoza sakafuni, yanadondoka, yanakwenda zake. Mjomba alisimama palepale.

"Linavuja!"

"Tumelitoboa wenyewe," akasema mhandisi, tena kwa fahari.

Hapo Mjomba aliishiwa maneno, jambo ambalo halijawahi kumpata mbele yangu. Kumbe maji hupenyeza kwenye miamba chini ya msingi, yakawa yanalisukuma bwawa kutoka chini kwenda juu, na bwawa linalotegemea uzito halitaki kunyanyuliwa. Kule Ufaransa, bwawa la Bouzey lilijengwa bila kulihesabia jambo hilo. Mwaka 1895 likapasuka na kuua watu zaidi ya 80. Tangu hapo wajenzi wakajifunza kutoboa matundu ya kuyatoa maji hayo. Wanayapima yanayotoka: yakiongezeka ghafla au yakichafuka, hapo ndipo pa kuogopa. Mjomba akainama, akachota kiganja, akakipeleka kwenye taa.

"Safi," akasema, kwa masikitiko.

Basi tukafika kwenye kichumba ambacho laiti kingekuwa kimefungwa. Mlango wake wa wavu ulikuwa wazi, fundi aliyekuwa akisafisha kifaa ametoka kufuata kitambaa. Ndani, waya mwembamba umeshuka kutoka juu kabisa ya bwawa kupitia tundu kwenye zege, na mwisho wake uzito umezama ndani ya pipa la mafuta ili usibembee. Mjomba uso ukamchanua.

"Timazi!"

Ni timazi kweli, uzi wenye uzito ambao mwashi hupimia kama ukuta uko wima. Bwawa husogea, mhandisi akatwambia, kwa milimita chache: ziwa likijaa, kichwa chake kinaegemea bondeni, jua likiupasha uso wa upande wa bonde, zege linatanuka na kichwa kinarudi kidogo kuelekea ziwani. Kifaa kilichopachikwa kando ya waya kinasoma mahali ulipo na kupeleka namba moja kwa moja chumba cha udhibiti.

"Ukuta unaohama si ukuta," Mjomba akatoa hukumu.

Mhandisi akageukia wageni wengine waliokuwa na maswali. Mimi nikawa naangalia pipa. Sasa, mwashi akiona timazi inacheza, huituliza kwa vidole kabla ya kusoma. Hafikirii, mkono unakwenda wenyewe. Mjomba aliona, au alidai baadaye kuwa aliona, inacheza. Akaingia, akasimama upande wa ziwa, akaushika waya kwa vidole viwili na kuuvuta kidogo kifuani ili aulenge kwa jicho moja.

Simu ya ukutani ikalia.

"Ndiyo, tuko chini," akajibu mhandisi, ametugeuzia mgongo. "Milimita ngapi? Arobaini? Kuelekea wapi?" Kimya. "Ziwani?"

Ziwa limejaa, linausukuma ukuta kwenda bondeni kwa tani zisizohesabika, na bwawa limeamua kulirudia ziwa! Alirudia swali mara ya pili, sauti imepanda. Wageni wakaanza kutazamana. Mmoja akauliza lifti iko wapi.

"Nilisema mimi!" Mjomba akapaza sauti kutoka kichumbani, akikaza vidole. "Hata hapa nausikia unavuta! Unataka kurudi bondeni, lakini nimeushika!"

"Sasa linatetemeka," mhandisi akawa anarudia anayoambiwa kwenye simu. "Thelathini na nane. Arobaini na moja. Hapana, kipima tetemeko kimetulia..."

Nikasogea hadi sikioni mwa Mjomba.

"Mjomba, ni wewe."

"Mimi nini?"

"Bwawa. Ni wewe."

Aliutazama waya, akautazama mkono wake, akauachia kana kwamba umemchoma. Hilo lilikuwa baya zaidi.

"Limerudi!" mhandisi akapiga kelele. "Limepita! Limekwenda bondeni! Linarudi tena!"

Mafuta ya pipani yaliutuliza waya mapema kuliko yeyote kati yetu alivyotulia. Mhandisi akageuka, akamkuta Mjomba ndani ya wavu, mikono nyuma, akikagua dari. Hakuhitaji kuelezwa. Alirudi kwenye simu, akasema polepole, "Ni mgeni," halafu, baada ya kusikiliza, "Hapana, hakusukuma bwawa. Timazi."

Lakini amri ya kutoka ilikwishatolewa, na amri ikishatolewa lifti haitumiki. Tukapanda ngazi, ngazi, ngazi, Mjomba na magoti yake akitua kila kituo, na kila alipotua aligonga ukuta. Wale wageni wengine walimpita bila kumsemesha.

Juu tukamkuta msimamizi na fomu ya maelezo. Ilikuwa lazima iandikwe kwa nini namba za asubuhi ile zimefutwa. Alikuwa amekwishaanza kuijaza: "Mgeni aliuvuta waya wa timazi." Mjomba akaomba kalamu, akakata mstari juu ya "aliuvuta", akaandika "aliutuliza". Kwenye nafasi ya kazi yake akaandika "Mkaguzi". Msimamizi akamuuliza mkaguzi wa nini.

"Kwa leo, bwawa," akajibu. "Liko wima. Ila waya wenu ni mwembamba mno."